Msalaba Tuliouacha Kwenye Njia ya Kurukia

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Viwanja vya Ndege. Kapteni uliyemrusha mgeni wetu. Majirani zetu wa ng'ambo ya uzio. Mabibi na mabwana.

Kabla hatujafika mbali, tunaomba radhi kwa hali ya karatasi hii. Ilichapwa jana, tulipokuwa watu wenye furaha. Tangu asubuhi imefutwafutwa na kuongezewa kwa kalamu. Pale inaposema "tumefurahi kukuona ukishuka kutoka angani", tafadhali usikie kwamba tumekuona ukishuka kutoka kwenye gari, koti mkononi, shati limekulowa mgongoni. Furaha yetu ni ileile, ila imechanganyika na aibu.

KARIBU

Sisi ni wafanyakazi wa Kiwanja Kidogo, na tuko wanne. Mama Redio, anayesoma mbele yako, ndiye anayezungumza na marubani. Fundi Mitambo anatunza pampu ya mafuta na gari la zimamoto, ambalo likikubali kuwaka mara ya kwanza huwa tunapeana mikono. Mlinzi anakaa getini. Wa nne ni Chokaa, mtunza njia ya kurukia, na kiti chake ni kile kilicho wazi pembeni. Si mgonjwa wala hajachelewa. Yuko stoo, amejifungia kwa ndani, na tukimaliza kusoma utajua kwa nini.

HISTORIA YA KIWANJA

Kiwanja hiki ni kikongwe kuliko mji unaokizunguka. Zamani mwenye ndege yake akitaka kuja mjini hakuwa na cha kuchagua, alishuka hapa. Akishuka, anavuka barabara moja na yuko sokoni. Daktari wa upasuaji aliyekuwa akija na ndege ya injini moja alikuwa anatoka hapa kwa miguu, mkoba kwapani, na kabla Fundi hajamaliza kufunga kamba za bawa, yeye yuko hospitali ananawa mikono.

Kisha kikajengwa kiwanja kikubwa, kule nje ya mji. Hatukukionea wivu. Ndege kubwa zina haki ya kwao. Lakini marubani wa ndege ndogo nao wakaanza kwenda huko, mmoja mmoja, kwa sababu kuna milango ya vioo na kahawa. Sisi tuna benchi na feni. Rubani mmoja alituambia wazi, "Mama Redio, kwenu ni karibu na mji, lakini bosi wangu anataka kupokelewa na zulia." Tukamjibu kwamba zulia lipo, linaanikwa. Alicheka, lakini hakurudi.

Humo katikati ndimo Chokaa alimozeekea. Chokaa hajui kuendesha ndege na hajawahi kupanda hata moja. Kazi yake ni kukata majani, kufukuza mbwa, na kupaka mistari myeupe. Hupiga magoti, akafumba jicho moja, akavuta kamba, akaipiga ardhini ndipo apake. Mstari ukipinda upana wa kidole, anafuta na kuanza upya. Mlinzi alimtania siku moja, "Mzee, nani ataona hicho kidole kutoka mawinguni?" Chokaa akamjibu bila kuinua kichwa, "Aliye juu hana wa kumuuliza, mwanangu. Anauuliza mstari."

MAFANIKIO

Hapa palikuwa na mafanikio mengi. Tumeyafuta yote, kwa sababu leo yanatuchoma. Tumeandika moja jipya.

Barua yako, Mheshimiwa, ilisema kwamba mji hauwezi kuendelea kuweka viwanja viwili kwa ajili ya ndege ndogo. Ukasema hutaki kusikiliza maneno, utakuja kwa ndege binafsi na hutamwambia rubani ashuke wapi. Atapima mwenyewe: urefu wa njia, upepo, mafuta, na muda wa abiria wake kufika mjini. Atakakoshuka, ndiko kamati itakakopendekeza. Akishuka kule, chetu kitapimwa viwanja vya nyumba.

Tuliisoma barua hiyo tumesimama. Chokaa alisomewa mara mbili, kisha akaenda moja kwa moja kutafuta kamba yake. Mafanikio yetu ni kwamba Kapteni alipima, na akatuchagua sisi. Ametuambia mwenyewe hapa getini. Alikuja juu yetu asubuhi hii akiwa ameshaamua.

Alituchagua, Mheshimiwa. Sisi ndio tuliomkataa.

CHANGAMOTO

Tulikuwa tumeandika kuhusu tundu la uzio, na vijana wanaocheza mpira mwisho wa njia, na soksi ya upepo, ile inayomwonyesha rubani upepo unakotoka, ambayo mke wa Chokaa ameishona kwa pazia la sebuleni kwake. Hayo yasubiri. Changamoto yetu kubwa tumeipata leo, na tumeitengeneza kwa mikono yetu.

Jana jioni Chokaa alimaliza mistari yote. Rangi ikiwa mbichi, desturi ya kazi yetu ni kulaza msalaba juu ya njia: vitambaa viwili vizito vya turubai jeupe, vimeshonwa katikati, na kila mkono una mifuko ya mchanga ili upepo usiupeperushe. Rubani akiuona kutoka juu anajua jambo moja tu, kwamba pamefungwa. Hauinuliwi na mtu mmoja. Ni mzigo wa watu wanne, kila mtu na mkono wake, na tangu tuanze kazi tumeubeba hivyo sisi wanne.

Leo asubuhi rangi ilikuwa imekauka. Chokaa alikuja akiwa na suti aliyoozeshea binti yake, akasimama mlangoni.

"Jamani, msalaba."

"Subiri kidogo, mzee," Fundi alisema. "Tupange viti kwanza."

Akarudi tena. "Jamani, twendeni tuutoe ule msalaba."

Mama Redio alikuwa anapiga pasi gauni hili unaloliona. Akamwambia, "Kaka, nikiugusa sasa hivi nitampokea mgeni na vumbi. Tutautoa mwishoni."

Mara ya tatu Mlinzi ndiye aliyemjibu, na alimjibu kwa mzaha: "Chokaa, wewe na msalaba wako! Leo ni sherehe, siyo mazishi." Tukacheka. Mzee akacheka pia, kwa adabu. Kisha tukamwona anaelekea njiani peke yake, na tukadhani anakwenda kuangalia mistari yake. Kumbe alikwenda kujaribu kuuvuta. Suti yake ina mchanga magotini, tumeiona baadaye.

Tulipopanga mstari wa mapokezi, Mama Redio naye alitoka redioni aje ashike maua. Ni kosa ambalo hajawahi kulifanya hata siku ya harusi yake. Alisema, "Wakiwa wanashuka, nitakuwa nawaambia nini? Si watatuona?"

Ndege ikatokea. Ikazunguka. Kapteni anasema aliita redioni, akaita tena, pakawa kimya. Akashuka chini kidogo atazame, akaona msalaba, na pembeni yake watu waliovaa vizuri wanapunga mikono kwa nguvu zote. Sisi tulikuwa tunasema karibu. Yeye alisoma ondoka. Akazunguka tena kuhakikisha, na sisi, Mungu atusamehe, tukadhani anatusalimia, tukapiga makofi.

Chokaa peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anakuja mbio kutoka njiani, anatupungia sisi, siyo ndege. Hatukumwelewa mpaka ndege ilipoinua pua na kuelekea kiwanja kikubwa.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Mtu akiwa na aibu hutafuta pa kuitua. Fundi alimgeukia mzee akasema, "Msalaba ni wako! Si ungetukumbusha?" Na sisi wengine wawili, tuliosikia kwa masikio yetu akitukumbusha mara tatu, tukanyamaza. Chokaa akavua koti, akalikunja vizuri, akaenda stoo. Fundi ameshakwenda kuomba msamaha mlangoni, kwa machozi, na ndiye aliyesema haya yaandikwe. Mlango haujafunguka.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakutuambia anayemlaumu nduguye kwa uzembe wake mwenyewe hufa vipi. Tunadhani hufa polepole.

MAOMBI

Mheshimiwa, yalikuwepo maombi manne. Lile la feni ya pili limefutwa, na ya kahawa na zulia nayo yamefutwa. La kwanza lilikuwa kiwanja cha karibu na mji kibaki; foleni ya magari uliyokaa leo ukitoka kiwanja kikubwa imekueleza hilo vizuri kuliko sisi, kwa hiyo nalo tumelifuta.

Hatuombi usahau ulichokiona. Kiwanja ambacho redio yake haijibu siku ya mgeni wake hakistahili kutetewa kwa maneno matamu. Ukiamua kifungwe, hatutakuwa na kazi ya ziada. Msalaba uko mahali pake, utaachwa palepale.

Ukiamua Kapteni apewe nafasi ya kujaribu tena, itabidi msalaba uinuliwe. Wageni wengi hapa wametuambia wako tayari kusaidia kuubeba, na tunawashukuru. Lakini mkono wa nne ni wa Chokaa. Hatutamshikisha mtu mwingine.

Kwa hiyo tuna ombi moja tu, na tunaomba radhi kwa itifaki, kwa kuwa si lako wewe. Ni la Kapteni. Kapteni, ulikuwa juu yetu, ulizunguka, uliiona njia yote mara moja kama ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Stoo ni ule mlango wa bluu nyuma ya pampu. Tunakuomba uende ugonge, na umwambie aliyemo ndani kama mistari ilikuwa imenyooka. Maisha yake yote amewapakia mistari watu wa juu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushuka akamwambia ilivyoonekana.

Mheshimiwa, Mungu akurudishe nyumbani salama, kwa barabara au kwa anga, na kila utakapotaka kushuka akukutanishe na watu wanaojibu wakiitwa. Sisi tuliitwa mara tatu.

Ni sisi, wafanyakazi wanne wa Kiwanja Kidogo. Chini ya risala hii zipo sahihi tatu.