Minyororo Kwenye Treni ya Norsborg

Theluji ilikuwa ikianguka Dancille alipowasikia wanaume wawili wasiojuana wakibishana kwa Kiswahili kwenye treni ya kwenda Norsborg, ughaibuni. Mmoja alikuwa Mrundi, dereva mstaafu wa lori; mwenzake, kijana wa Kiganda, alipeleka mizigo madukani kwa gari.

“Matairi yangu yana misumari ya kushika barafu, mzee. Minyororo ya kufunga magurudumuni ya nini?”

“Misumari haitoshi kwenye mlima wenye barafu, mwanangu. Sisi tulifunga minyororo hata kwenye matope ya kwetu Bururi, tumelala chini, tunaimba.”

“Kuifunga ni nusu saa, na bosi hachoki kupiga simu.”

“Mwache apige.”

Huyo mzee, Dancille aliwaza, hakuwahi kuwa na bosi kama huyo. Lakini marehemu mumewe, Ludovic, dereva pia, alikuwa na bosi wa aina hiyo. Hata hivyo alifunga minyororo kila theluji ilipozidi, akarudi nyumbani vidole vimekufa ganzi, naye Dancille akamkanda huku akimnung’unikia. Leo angetoa chochote aishike tena mikono ile ya baridi.

Kijana akamgeukia. “Mama, wewe waonaje?”

“Una mke?”

“Ninaye.”

“Basi funga.”

Treni ikasimama, nao wakashuka wakiendelea kubishana.