Alama ya Moto Kwenye Kitako

Asubuhi hiyo, kwenye benchi la kahawa la Novatus karibu na stendi ya Bariadi, Ngeleja alifungua gunia la pamba akatoa bunduki ya mti, miongoni mwa zile ambazo mgambo wa zamani walifanyia kwata. Jana yake stoo ya kata zilimowekwa ilibomolewa, na lundo zima la bunduki hizo likaelekea kuwa kuni. Aliiokoa hii kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa na alama ya ziada. Kwenye kitako, chini ya namba 16, palichomwa duara lenye mikia miwili. Baba yake alifunzwa mgambo kwenye kata hiyo, akaenda vita vya Kagera, asirudi. Ngeleja alikuwa bado tumboni. Hata picha yake hakuwahi kuiona.

— Hiyo ya Mjerumani, alitangaza Profesa, karani mstaafu wa kiwanda cha pamba. Duara ni jua, mikia ni bendera zake.

— Profesa, acha kutupiga fiksi! alidakia mzee aliyejiita Komando. Hiyo ni alama ya kikosi cha siri. Tuliapishwa.

— Uliapishwa saa ngapi, na mgambo uliukimbia siku ya pili, kabla ya uji? aliuliza Profesa.

— Ndiyo maana ni siri!

— Mie nasema ilipelekwa Uchina, ikapigwa mhuri, ikarudi na meli, alisema Novatus akimimina.

— Gogo lipande meli, wewe hata Nyashimo hapo tu hujafika? alicheka Komando.

— Basi mikia ni fisi wawili waliouawa nayo, alisema Profesa.

— Kwa risasi ya mbao?

Benchi likaangua kicheko. Ngeleja akaupangusa mti kwa kiganja.

— Jamani, mimi nataka kujua kama mzee aliishika. Hilo tu.

Wakati huo Nyanjige, muuza maziwa, akatua dumu lake, akawaamkia kwa Kisukuma.

— Mwangaluka, wazee.

— Mwangaluka, mama.

Akapitisha kidole juu ya duara, taratibu, kisha akamgeukia Ngeleja.

— Baba, ng'ombe wa kwenu wana chapa gani?

Profesa alijikuna kisogo. Komando alichungulia kikombe kitupu. Ngeleja mwenyewe hakujua. Alilelewa Nyashimo kwa wajomba, watu wa duka, wasio na hata ndama. Akampigia baba yake mdogo, Masunga, aliyeko Sapiwi, akaweka spika.

— Shikamoo, bamdogo. Chapa ya ng'ombe wetu ikoje?

— Marahaba. Duara, mikia miwili. Chuma cha chapa alikuwa nacho baba yako. Ndiye aliyekuwa anachoma, na hakuacha kitu bila kukichoma, hata vigoda vya mama. Mbona unauliza leo?

Ngeleja alishika bunduki pale mikono ya mtu ilipoulainisha mti, na vidole vyake vikakaa sawasawa.

— Chuma kipo bado?

— Kipo darini. Njoo ukichukue, ni chako.

Komando akasimama wima, akabana visigino, na kwa mara ya kwanza usoni mwake hapakuwa na mzaha, akaita kama anayeita majina kwenye gwaride.

— Namba kumi na sita!

— Yupo, afande, akajibu Ngeleja.