Béatha Alijibu Neno Moja

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la Rwema pale Biryogo, usiseme unaijua Kigali. Umeipita tu ukiwa umefunga kioo. Benchi lenyewe liko nje ya kibanda chake cha cherehani, kwenye ile barabara iliyofukuza magari ikapakwa rangi. Miguu yake mitatu ni ya mbao, wa nne ni tofali. Juu yake yamekatwa mashauri yaliyowashinda wakubwa na makoti yao: mvua ni ya nani, kwa nini simba hafugwi, na kama samaki huwa wanasikia kiu. Kahawa ya tangawizi hutoka kwenye birika la Rwema, nayo hutoka bure, ndiyo maana elimu haipungui pale. Lakini siku hiyo Rwema mwenyewe, fundi mwenye umri wa kutosha na aliyefiwa na mkewe zamani, alikuwa ameiacha nguo ya mteja chini ya sindano, kaishika simu yake kama mtu aliyepewa yai la moto.

Usiku alikuwa amemwandikia Béatha, mjane mwenye mgahawa kule Gisimenti. Alimwomba ruhusa aende Busanza, pembeni mwa jiji, kwa kaka yake Béatha, akaombe kumwoa. Kaka huyo anaondoka Jumapili kurudi Uganda, walikokulia wote wawili, na akiondoka ndiyo basi tena. Asubuhi Béatha alikuwa amejibu kwa Kiingereza, neno moja:

Well.

Na nukta.

— Leta hapa, alisema Ismaël, waliyemwita Bandari kwa sababu aliwahi kuendesha lori mpaka Dar es Salaam na mpaka leo, akisimulia, bado hajarudi. Hili nalijua. Niliwahi kuliona kwenye geti la hospitali, limeandikwa kubwa kama mlango: Get well. Maana yake, upone.

— Mimi siumwi, Rwema alisema.

— Yeye kakuona unaumwa. Wahenga hawakusema mgeni njoo mwenyeji apone? Mwenyeji ni wewe. Wallahi, anakuja!

Moyo wa Rwema ulipiga cherehani.

— Anakuja lini?

— Haji, sha, alidakia Kenny, dereva wa moto, pikipiki ya abiria. Huyu naye alikulia Mbarara, lakini benchi lilimwita Kampala kwa kuwa halikutaka kubishana na ramani. Mimi Kiingereza nilikifundishwa na fimbo, sikukisoma kwenye mageti. Well iko kisima.

— Kisima?

— Shimo iko na maji ndani. Shuleni tulikuwa tunatumwa huko na majerikeni.

— Sasa mimi na kisima, wapi na wapi?

— Banange, fundi! Kule mgahawani kila siku anafukuzana na maji. Anataka mwanaume wa kumchimbia. Wengine wanatoa ng'ombe, wewe utatoa maji.

— Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, alisema Ismaël kwa huzuni. Basi, Rwema, vua.

Rwema alitazama vidole vyake, vilivyozoea sindano tu. Alijiona shimoni, sururu mkononi, Béatha amechungulia juu na kikombe cha chai. Picha hiyo haikumchukiza hata kidogo.

— Huwa kinakwenda chini kiasi gani? aliuliza.

— Bon. Tulieni, alisema Silvère.

Silvère, ambaye benchi zima lilimwita Musiyé, alikuwa karani mstaafu wa enzi za Kifaransa. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji, jambo ambalo halikuwahi kumzuia.

— Kifaransa hakina W yake. W inakuja na vitu vya nje tu: wagon, whisky, week-end. Mwanamke akianza jibu lake kwa W, amekwisha kukwambia anakwenda nje.

— Nje wapi, Musiyé?

— Nje. Kwa wagon, behewa la treni. Angekuwa anakwenda na ndege, avion, angeanza na A.

— Lakini Rwanda hakuna treni.

— Ndiyo maana amejibu kwa kifupi. Hajui atapandia wapi.

Ilibidi wanywe kahawa kwanza. Hoja kama hiyo humezwa kwa kitu cha moto.

— Ngojeni, Kenny alisema akikuna kofia yake ya chuma. Iko na maana nyingine. Well pia ni vizuri. Very well: vizuri sana.

— Sasa ni kisima ama ni vizuri?

— Ni zote. Halafu ukiitangulizia "as", inakuwa "pia". Na mzungu hotelini akiitisha nyama well done, anataka ikauke kama soli.

— Kenny, mdogo wangu, alisema Rwema. Umenipa kisima, umenipa vizuri, umenipa pia, umenipa nyama iliyokauka. Niambie kitu kimoja. Ni ndiyo ama ni hapana?

— Inategemea uso wake wakati anaandika.

— Uso wake sikuuona!

— Hapo sasa ndipo Kiingereza kinaua watu.

Ismaël aliruka mpaka tofali likayumba.

— Nimekumbuka! Yale mashimo wanayochimba mafuta, ya petroli, nayo yanaitwa hivyo hivyo! Anakwambia kiwanja cha kaka yake kina mafuta. Ndiyo maana akaweka nukta. Ni siri!

— Mafuta, Busanza?

— Penye miti hapana wajenzi. Busanza wajenzi wamejaa kila kona, na miti huioni. Lazima chini kuna kitu!

Rwema alisimama, akakaa, akasimama tena. Asubuhi alikuwa na neno moja tu na hofu moja tu. Sasa alikuwa na hospitali, shimo, treni isiyo na stesheni na petroli, na Jumapili inakuja mbio.

— Labda na mimi nimwandikie hilo hilo. Well.

— Usithubutu! walipiga kelele wote watatu. Kisima kwa kisima, mtatumbukia wote!

Ndipo akafika Pudentienne, muuza viatu wa Gisimenti ambaye duka lake na mgahawa wa Béatha vinagawana ukuta. Alikuwa amekuja kuchukua gauni lake. Wakamsomea ujumbe na tafsiri zake zote, wakizungumza kwa pamoja. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

— Rwema, alisema. Umuranga wako ni nani?

Hakuna Mnyarwanda asiyejua kwamba mke haombwi kwa kinywa cha mwenye haja. Hutangulia mtu wa kati, umuranga, akakae kwa wakwe, aonje walichomwekea, aseme. Musiyé amehudhuria posa za watu wengi na kote amekula. Lakini siku hiyo nzima hakuna aliyekumbuka.

— Nilimwandikia mwenyewe, Rwema alijibu.

— Mwenyewe! Kwa simu! Sasa dada wa watu angekujibu nini? Akisema ndiyo, amejioza kama hana ndugu. Akisema hapana, amekutukana. Hata angekuandikia kwa Kiarabu, yule hana jibu la kukupa, kwa sababu hakuna aliyemwomba. Ariko sikiliza. Iko mwenye duka la mbao, mtu wa Kabuga. Ametuma watu wake juzi, wawili, wamevaa makoti. Kaka anangoja mpaka Jumamosi aone kama kuna wengine. Kwako atakwenda nani?

Ismaël alikiangalia kikombe chake.

— Mimi Mwislamu, mama. Watanipa bia ya kuonja, nikiikataa tumeshakosana mlangoni.

— Mimi sijaoa, Kenny alisema. Watanicheka.

Macho yote yalihamia kwa Silvère. Mzee alijikohoza.

— Bon. Ningekwenda. Lakini koti langu lina tundu kwenye kiwiko.

Aliyasema hayo mbele ya cherehani. Rwema alivuta futi yake ya kupimia kutoka shingoni, akamshika mzee mkono na kumwinua, akaanza kumpima mabega.

— Haya, koti mmepata, Pudentienne alisema. Na kinywa? Wale wa mbao walisema mtu wao ana ghorofa. Huyu, wakiuliza ana nini, utasema nini?

Silvère alimtazama Ismaël. Ismaël alimtazama Kenny. Watu waliolipatia neno moja maana zote za dunia hawakuwa na hata neno la mkopo. Ismaël alitikisa birika, kahawa imekwisha.

— Mwambie kaka yake, Rwema alisema chini chini, uso ameuficha nyuma ya bega la mzee, kwamba kila wiki Béatha ananiletea nguo eti nimshonee palipofumuka. Hazijafumuka popote. Hata moja. Mimi naufumua mshono ulio mzima, naushona upya, ili awe na sababu ya kurudi kuzichukua.

Pudentienne alikaa kwenye benchi, kwenye ncha ile ya tofali.

— Hayo, Mzee, alimwambia Silvère, uyafikishe kama yalivyo. Usiyatie Kifaransa.