Huyu Yallop Katoka Wapi Kwenye Kibao cha Patient Ada

Haki ya Mungu, na Mungu anisikie vizuri maana leo sina mchezo: kila neno hapa ni kweli tupu. Atakayebisha aje, anajua ninapokaa. Ilikuwa Ijumaa, mwaka wa hamsini na mbili, hapo Lowestoft, kwenye benchi la nje ya kibanda cha chai cha Bi Mobbs, mkabala na soko la samaki. Upepo wa siku hiyo ulikuwa unang'oa vifungo vya makoti. Wenye benchi ni watatu. Jemadari, ambaye jeshi hakuwahi kuliongoza, alikuwa mshika winchi. Masizi alikuwa mchochea makaa. Askofu alikuwa mtupa waya wa kunasia mabomu, na aliitwa Askofu kwa sababu hatukani. Wote walitumikia meli moja wakati wa vita, Patient Ada, meli ya uvuvi iliyochukuliwa na serikali, ikapewa mzinga mkuukuu na kuambiwa: haya, kafagieni mabomu aliyotega Mjerumani baharini. Sasa siku hiyo Jemadari alifika sura imemvimba. Alikuwa ametoka kanisani.

— Nimekiona kibao cha shaba cha kumbukumbu ya meli yetu, akasema. Kimeshachongwa. Jumapili wanakipigilia ukutani.

— Kimeandikwaje? akauliza Masizi.

— Kimeandikwa uwongo. Kwanza, ati tulifagia mabomu tisa.

— Yalikuwa tisa.

— Ishirini na tisa! Alama kwenye dohani nani alikuwa anazichora, wewe au mimi?

— Wewe. Ndiyo maana zilifika ishirini na tisa.

— Askofu, msikie huyu! Amesahau bomu lililotufuata toka Jumatatu mpaka Alhamisi. Tukipinda, linapinda. Tukisimama, linasimama. Wewe mwenyewe ulilitupia mkate.

— Lile lilikuwa boya, akasema Askofu. Na mkate ulikuwa na ukungu.

Jemadari akapiga funda la chai, akafuta masharubu.

— Haya. Tisa nitaimeza, nimekwisha kumeza mengi. Lakini chini yake kuna mstari mwingine. "Aliyepotea: Ernest Yallop." Sasa niambieni, wenzangu. Yallop ni nani?

Hapo hata Masizi akaweka kikombe chini. Maana Patient Ada, miaka mitano ya vita, ilipoteza mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Donge, mpishi. Aliitwa Donge kwa ajili ya madonge ya unga aliyokuwa anayachemsha. Moja lilianguka sitahani, meli ikalala upande mpaka lilipookotwa. Asubuhi ya Novemba, mwaka wa arobaini na tatu, Donge alipanda juu na kikombe cha chai, akamwambia Jemadari, "Kanywe kule mbele, huku nyuma upepo mkali. Winchi nitashika mimi." Jemadari akaenda. Waya ukaja na bomu limenasa, likalipukia winchini. Chai ilikuwa bado ya moto.

Jemadari anaongeza chumvi kwenye kila kitu, hata hali ya hewa. Hii moja haongezi, huielezea kwa maneno machache na kugeukia pembeni.

— Makarani hao, akasema Masizi. Wamechanganya karatasi. Yallop ni wa meli nyingine.

— Meli gani?

— Nitajuaje? Mimi nilikuwa chini na makaa.

Askofu akakohoa.

— Mimi sipendi kusema watu vibaya. Lakini huyo ni mpwa wa mkubwa fulani. Vita vyote kajificha kwenye ghala la matofaa, anakula. Sasa familia inaona aibu, inamtafutia shaba.

— Matofaa miaka sita?

— Tumbo la mtu mwoga halichagui, ndugu yangu.

— Nyie mnachezea kingoni tu, akasema Jemadari, akashusha sauti kana kwamba Mjerumani yuko dirishani kwa Bi Mobbs. Yallop alikuwa jasusi. Alikuwa ndani ya meli yetu. Analala kwenye makaa mchana, usiku anatoka. Mnakumbuka jibini lilivyokuwa linapungua?

— Jibini ulikuwa unakula wewe.

— Nilikuwa nakula robo! Robo nyingine nani? Na mabomu yalijuaje njia yetu kila siku? Yallop alikuwa anawapigia Wajerumani ishara kwa tochi kupitia kwenye dohani!

— We Jemadari, akasema Masizi pole pole. Makaa yale nimeyachota miaka mitano. Angekuwamo Mwingereza mle, au Mjerumani, ningekwisha kumtia motoni kwa bahati mbaya.

— Pengine ulimtia. Ndiyo maana amepotea.

Masizi akafikiri kidogo, akaitazama mikono yake.

— Basi mshukuruni Askofu, akasema Bi Mobbs toka dirishani, maana bila yeye ningewamwagia birika nyote kwa kelele hizi. Chai ndiyo inaisha, nimesema.

— Nicheke au nilie mimi? akafoka Jemadari. Mtu kashika winchi yangu. Mkono wake ulikuwa mahali pa mkono wangu. Halafu Jumapili watu wavue kofia kwa Yallop? Nimemwambia mchungaji: kibao hakipandi ukutani mpaka jina hilo litoke. Ama nitaking'oa mwenyewe, na skrubu nazila.

Ndipo akaja mwanamke wa makamo hivi, koti la kijivu, mkoba wa ngozi begani. Akasalimia vizuri.

— Mimi ni Bi Larter, mchonga herufi. Mchungaji kaniambia mna malalamiko, mnamtaka mpishi wenu.

— Tunayo, mama. Keti. Masizi, sogea, mama akae.

— Shaba naweza kuisugua, nikaandika upya. Nina leo na kesho. Akatoa daftari na penseli. Kwa hiyo Yallop anatoka?

— Anatoka.

— Anaingia mpishi?

— Anaingia mpishi! Jemadari akasimama kabisa. Herufi kubwa, mama, zionekane toka mlangoni.

— Vizuri. Alikuwa anaitwa nani?

— Donge.

— Hilo la utani. Jina lake.

Jemadari akafungua mdomo. Mdomo ule haujawahi kufunguka bure. Ukakaa wazi, upepo ukaingia na kutoka.

— Masizi, akasema mwishowe.

— Mimi nilikuwa chini na makaa.

— Askofu?

Askofu alikuwa anatazama kiatu chake.

— Mama yake alikuwa anamtumia soksi, akasema. Za sufu. Juu zimetariziwa herufi mbili, E na Y. Mimi nilidhani ni saizi.

Bi Larter akaishusha penseli bila kuandika. Bi Mobbs akainamisha birika, likatoa tone moja na majani.

— Mwache, akasema Jemadari.

— Nimwache nani?

— Yallop. Mwache palepale. Na ile tisa iache pia.

Bi Larter akafunga daftari, akawaaga, akaenda zake. Wale watatu wakabaki, vikombe vitupu mikononi. Vita vizima pamoja, na miaka saba ya benchi juu yake. Jemadari akakohoa, akavua kofia, akamgeukia Masizi na kunyoosha mkono, kama watu wanaokutana stesheni.

— Clement Utting, akasema.

— Obadiah Catchpole. Nimefurahi kukufahamu.

— Walter Mewse, akasema Askofu, na akashika mikono yote miwili kwa pamoja.

Sasa hii nimekupa wewe peke yako. Isitoke hapa. Lowestoft nzima inajua kwamba yalikuwa mabomu ishirini na tisa, na mama yake Yallop bado yu hai.