Mama Tukaone na Kufuli la Saa Nne

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia taasisi yetu, Ofisa Mkuu wa Ruzuku anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba. Cheo hicho kimeandikwa mlangoni pake tu. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi mwenyekiti wa kamati, tunamwita Mama Tukaone, naye huitika.

Jina hilo alilipata kwa jasho. Alipoanza kazi alikuwa karani wa maombi, kijana mwepesi wa kugonga mhuri. Shule moja ya chekechea iliomba madawati, akayapitisha akiwa kitini pake, na fundi akapewa vipimo vya shule ya sekondari. Siku ya makabidhiano watoto walipandishwa kwenye madawati hayo mbele ya wageni. Miguu ikaning'inia, na juu ya meza yakaonekana macho na nywele tu. Wageni walipiga makofi kwa adabu, yeye akatamani ardhi ipasuke immeze. Ilibidi fundi arudi na msumeno kupunguza miguu ya madawati yote. Kipande kimoja kilichokatwa ndicho kinachozuia mlango wa ofisi yake mpaka leo.

Tangu hapo, ombi lolote likizua ubishi mezani, neno lake lilikuwa moja: twende tukaone. Ameingia kwenye vyoo vya shule nyingi kuliko bwana afya, kwa sababu anaamini choo cha wasichana husema kweli kuliko mwalimu mkuu. Kwenye karakana za vijana hakuridhika kutazama, alitaka afundishwe. Kigoda alichokiunda kwa mikono yake tunacho hapa ofisini, na anayetaka kukikalia sharti akae upandeupande. Sisi wa uhasibu tuligombana naye juu ya mafuta ya gari mpaka tukasalimu amri. Dereva wetu, anayemwita shangazi, anasema hakuna njia mbovu asiyoijua, na katika nyingi kati ya hizo wamesukuma gari pamoja.

Nyumbani nako hali ni hiyo hiyo. Mumewe ni fundi saa, na anasimulia kwamba posa yake haikujibiwa mpaka binti huyo alipokwenda kusimama kibandani pake asubuhi nzima, akijifanya mteja, apate kuona anavyozungumza na watu. Saa aliyokwenda nayo ilikuwa nzima. Mzee anaapa kwamba hakumtoza kitu.

Mwaka huu wake wa mwisho umekuwa wa neema. Tumewalipia karo vijana waliokuwa wamekwama katikati ya masomo, shule mbili zimepata maabara, na maktaba moja iliyokuwa ikivuja sasa ina paa na wasomaji wanaogombania viti. Usione vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya kila ruzuku kuna safari ya Mama Tukaone na viatu vyake vya vumbi.

Lakini safari ninayotaka kuikumbuka ni ile iliyomshinda.

Darasa moja la vijana, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya ghala la mbao, lilikuwa limeomba msaada wa kodi na cherehani. Mwenye nyumba alikuwa ameshawapa notisi: mwezi ukiisha bila kodi, chumba anapewa mwingine. Mama Tukaone alikwenda kuona, saa nne asubuhi, akakuta kufuli. Akarudi wiki iliyofuata, saa nne tena. Kufuli. Kwake hiyo ilitosha. Aliiambia kamati kwamba darasa hilo halipo, na jina likakatwa.

Siku chache baadaye mwalimu wa darasa hilo alifika ofisini mbio mbio wakati wa mapumziko ya mchana, bado amevaa aproni ya duka la vifaa vya ujenzi anakouza misumari. Hakuja kugombana. Aliuliza tu hodi ilipigwa saa ngapi. Alipoambiwa, alishika kichwa.

"Saa nne? Mama yangu, saa nne wanafunzi wangu wote wako kazini! Si tuliandika darasa la jioni?"

Kweli waliandika. Lilikuwa ndilo jina la darasa lenyewe, kwa herufi kubwa, juu ya ukurasa wa kwanza. Mwanamke aliyeyaamini macho yake kuliko karatasi yoyote hakuwa ameisoma karatasi.

Jioni ile ile alitubeba, mimi na dereva. Tulikuta taa moja, mabenchi yamejaa wapakizi wa mizigo, waosha magari, mafundi wanafunzi na wasichana wa kazi za nyumbani waliotoka kuosha vyombo vya watu. Huku wanasoma kwa sauti, kule wanapokezana cherehani moja. Kijana mmoja, mpakizi, alikuwa amesinzia kalamu ikiwa mkononi, na mwenzake akawa anamgusa kiwiko kila zamu yake ya kusoma ilipokaribia. Walimsogezea Mama Tukaone nafasi kwenye benchi la nyuma. Akakaa mpaka kipindi kikaisha, na nilimwona akivua miwani na kuifuta mara nyingi kuliko ilivyochafuka.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Ni yeye aliyetufundisha kwamba uamuzi wa kamati ukishafungwa haufunguliwi, na amewahi kuwakatalia wakubwa kwa kanuni hiyo. Sasa alisimama mbele ya kamati hiyo hiyo, amebakiza wiki chache astaafu, akasema, "Nilikwenda, nikaliuliza kufuli, nikaridhika na jibu lake. Nimewakosea vijana hawa. Naomba mlifungue." Mwenyekiti, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliomba faili. Darasa lilipata kodi ya miaka miwili na cherehani mpya, kabla mwenye nyumba hajabadilisha mpangaji. Kuteleza si kuanguka.

Ungedhani tumejifunza. Ratiba ya sherehe ya kumuaga, tuliyoiandaa sisi wenyewe kwa mbwembwe, ilisema saa nne asubuhi. Tulipompelekea aipitie alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akauliza watu wake wa darasa la jioni watafikaje. Basi wote mjue: sherehe imehamishiwa saa moja jioni, darasani kwao. Mabenchi hayatoshi, kila mtu aje na kiti.

Hotuba ya kuaga haitasomwa na mwenyekiti. Ataisoma yule mpakizi aliyekuwa akisinzia, ambaye mwaka jana alikuwa bado anaweka dole gumba mahali pa kutia sahihi. Ameomba mwenyewe. Anasoma polepole, na tumekubaliana kwamba hakuna atakayemharakisha, wala kumsaidia neno. Salamu za kukutakia mapumziko marefu, yenye afya na furaha, Mama Tukaone, tumemwachia yeye. Sisi hapa tunasema asante.