Baba Soli Asigeuke

Benchi letu liko nje ya kinyozi, likitazama dirisha lenye televisheni, na mwenye birika ni mimi. Nalisema hilo mapema kwa sababu siku ile ya fainali watu walininyooshea vikombe bila hata kunitazama, kana kwamba kahawa hujimimina yenyewe. Pembeni alikaa Kamishna, mlinzi wa ghala aliyestaafu kazi lakini hajastaafu kutoa amri. Katikati, Shangazi muuza vitambaa, ambaye ni shangazi wa mtaa mzima, utake usitake. Dokta Waya, fundi wa redio na simu, hakai. Husimama nyuma ya benchi na kuwapumulia wenzake kisogoni. Mlangoni alisimama Jaji, kinyozi mwenyewe, maana televisheni ni yake na hukumu ni zake. Na kwenye kigoda chake, uso ukutani, mgongo kwa televisheni, alikaa Baba Soli, fundi viatu. Binti aliyekuwa akicheza fainali ile ya tenisi ni mwanawe wa kumzaa.

Mtauliza, baba gani anampa mwanawe mgongo siku kama hiyo? Liulizeni benchi. Mechi ya kwanza kabisa ya mashindano, Baba Soli aliinama kutafuta sindano iliyomdondoka, binti akashinda gemu. Akainuka kutazama, binti akapoteza mbili. Kamishna akapiga paja: nuksi imepatikana! Tangu siku hiyo kukapitishwa sheria. Baba Soli asigeuke. Aambiwe pointi tu, asisimuliwe mchezo, kwa kuwa masimulizi huvuta jicho. Binti akashinda mechi baada ya mechi, na sheria ikawa kama imeshuka kutoka mbinguni. Mimi sikuipenda, lakini nami sikusema kitu, si alikuwa anashinda?

Sisi tunamwita Msumari. Alipokuwa mdogo alikuwa akimshikia baba yake misumari hapa hapa kwenye kigoda, na misumari ikiisha huchukua kipande cha ubao na mpira uliochakaa, akaugonga ukuta wa nyuma wa kinyozi mpaka wateja wa Jaji wakawa wananyolewa huku wanaruka. Kocha mmoja akamwona, akamchukua shule ya mbali, na tangu hapo amekulia kwa watu. Kila baada ya mechi humpigia baba yake simu. "Baba, umeona?" Na baba hujibu, "Nimeambiwa, mwanangu." Mara zote tumemsikia akijibu hivyo, na mara zote tumetazama pembeni.

Basi siku ile kila mmoja alikuwa ameshachukua seti moja. Ya tatu, Mashoto, yule mpinzani mrefu apigaye kwa mkono wa kushoto, alikuwa na gemu tano, Msumari nne. Zamu ya kuanzisha ilikuwa ya Msumari. Akipoteza gemu hii, kombe limekwenda.

Kamishna: Kila mtu mahali pake! Shangazi, kikombe mkono wa kushoto.

Shangazi: Mkono umekufa ganzi, Kamishna.

Kamishna: Acha ufe. Nusu fainali ulikishika hivyo hivyo.

Baba Soli: Ngapi?

Jaji: Kumi na tano yeye, thelathini Mashoto. Wewe gonga viatu vyako, mzee.

Baba Soli aligonga. Alikuwa na kiatu cheusi cha kike kwenye chuma chake, soli mpya, na msumari mmoja aliupiga mara nyingi kuliko inavyostahili msumari wowote.

Dokta Waya: Hivi hawa watu huhesabu vipi? Kumi na tano, thelathini, halafu arobaini. Ile tano imekwenda wapi?

Jaji: Ya refa hiyo.

Dokta Waya: Unaona sasa! Mechi nzima, kila gemu tano. Huyo mtu ana nyumba ngapi?

Shangazi: Nyamazeni, anaweka mpira mfukoni.

Kamishna: Kikulacho ki nguoni mwako.

Shangazi: Mpira umle nani, Kamishna?

Kamishna: Ngoja uone.

Mpira ulipigwa, ukarudi, ukapigwa. Msumari alikimbizwa kulia, akakimbizwa kushoto, akarudi katikati akihema. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani!" akapiga kelele Kamishna, na kwa mara ya kwanza methali yake ilifanana na kitu. Mashoto akapiga nje. Benchi zima liliinuka likakaa, na kahawa ya Shangazi ikaishia kwenye kiatu changu.

Baba Soli: Ngapi?

Jaji: Thelathini kwa thelathini.

Baba Soli: Yeye yukoje?

Kamishna: Pointi tu, mzee. Sheria ni sheria.

Baba Soli: Nauliza tu kama anachechemea. Jana kwenye simu alisema goti linamsumbua.

Msumari alikuwa amelifunga goti bandeji nene, na alipotembea alikuwa anauburuta ule mguu kidogo. Niliangalia birika langu.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo benchi lilikuwa likilijadili kwa kunong'ona tangu mashindano yaanze, Baba Soli asisikie. Kabla ya kuanzisha, Msumari huinua mguu mmoja, akafanya shughuli fulani na kiatu chake, midomo ikacheza, ndipo arushe mpira. Kila mara. Hakosi.

Dokta Waya (kwa kunong'ona): Kaanza tena. Mimi nawaambia ndani ya kile kiatu kuna chombo. Anakiwasha.

Jaji: Cha nini?

Dokta Waya: Cha kuongea na kocha. Ndiyo maana midomo inacheza. Kocha anamjibu kupitia kisigino.

Shangazi: Kisigino kina masikio?

Dokta Waya: Simu yako ina masikio? Mbona inasikia?

Jaji: Hapana. Anakung'uta vumbi.

Shangazi: Vumbi gani, uwanja umepakwa rangi kama sakafu ya benki! Mtoto yule anamsomea Mashoto. Anamfunga. Angalia, kila akifanya hivyo Mashoto anajikuna.

Kamishna: Ninyi hamjui kitu. Ile ni ishara ya siri. Nilipokuwa ghalani tulikuwa nayo. Maana yake ni: mwizi yuko upande wa kaskazini.

Jaji: Mwizi wa nini uwanjani?

Kamishna: Wa zile tano.

Wangecheka siku nyingine. Siku ile hakuna aliyecheka, kwa sababu Msumari alipiga mpira ukagusa neti, ukapanda juu, ukasita, kisha ukaangukia upande wake mwenyewe. Uwanja wa kwenye televisheni ulisema "aaah". Nyundo ya Baba Soli ilisimama hewani.

Baba Soli: Ngapi?

Jaji alipangusa wembe kwenye koti lake.

Baba Soli: Jaji, nimekuuliza ngapi.

Jaji: Thelathini yeye. Arobaini Mashoto.

Baba Soli: Kwa hiyo moja tu.

Jaji: Moja tu, mzee. Mashoto akiipata, basi.

Mabega ya Baba Soli yalikuwa yamekakamaa, na shingo ilikuwa inataka kugeuka yenyewe, akaizuia kama mtu anayemzuia mbwa kwa kamba.

Shangazi: Mzee mwenzangu, kama inakuuma sana...

Baba Soli: Bora ashinde nisimwone, kuliko nimwone ashindwe kwa ajili yangu.

Shangazi: Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Kamishna: Hiyo siyo ya tenisi! Kaa vizuri!

Hapo ndipo alipotokea dada mmoja mwenye sare ya nesi, mguu mmoja kiatu, mguu wa pili ndara, anakuja kuchukua kiatu chake kwa fundi. Kamishna aliinua mkono kama bado yuko kwenye geti la ghala.

Kamishna: Simama hapo hapo! Usisogeze mguu!

Nesi: Kuna nini, baba? Kuna nyoka?

Kamishna: Kuna fainali. Ulivyosimama ndivyo ubaki.

Nesi, maskini, akasimama na ndara yake, akatazama dirishani pamoja nasi. Watu walikuwa wamenyamazishwa uwanjani. Msumari alijifuta jasho, akaenda kwenye mstari, akainua mguu. Halafu Mashoto akainua mkono kuomba subira, jua linamwingia machoni, na Msumari akashusha mguu asubiri. Nesi akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu asiyezijua sheria zetu:

Nesi: Samahanini, nusu fainali niliitazama kazini; huyu dada kwa nini anakagua soli ya kiatu chake kila mara?

Shangazi alitazama kikombe. Kamishna alijifanya anakohoa. Chombo, uchawi na mwizi wa kaskazini, vyote mbele ya swali lile vilionekana upuuzi mtupu.

Baba Soli: Anaikaguaje?

Kamishna: Pointi tu! Tulikubaliana pointi...

Baba Soli: Nimemuuliza dada. Anaikaguaje?

Nesi: Anapitisha kidole gumba ukingoni, polepole, kuanzia mbele mpaka kisiginoni. Halafu anaigonga kwa mpini wa raketi. Ko, ko. Kisha anasema kitu.

Baba Soli alikiweka chini kile kiatu cheusi. Mimi ninayemmiminia kahawa kila siku ninaijua kazi yake, na ndivyo afanyavyo kila kiatu kabla hajakitoa mkononi mwake. Kidole gumba ukingoni. Mpini wa nyundo, ko, ko. Anasikiliza; soli ikiwa imeachia hulia mlio wa debe bovu. Na zamani, kile kiatu alikuwa anampa kwanza yule mtoto mwenye misumari mdomoni, amwambie yeye kama soli iko imara. Wote pale tulikuwa tumeyaona hayo miaka na miaka. Tulikuwa na macho kumi kwenye televisheni, tusione.

Na mwenye jibu tulikuwa tumemwelekeza ukutani.

Baba Soli akageuka.

Kamishna: Mzee! Mzee, moja tu imebaki! Utamwangusha mtoto!

Jaji: Geuka ukutani, nakuomba!

Baba Soli: Sigeuki tena.

Alikuwa ametanua macho kama anayeingia chumba chenye giza. Binti mrefu, bandeji gotini, nywele kazibana kama mama yake. Akainua mguu. Kidole gumba kikapita ukingoni. Ko, ko. Midomo ikacheza, na Baba Soli pale kwenye kigoda akasema naye, pamoja, neno lile lile kwa wakati ule ule:

"Imeshika."

Mpira ukaenda mstarini ukakwaruza rangi, Mashoto hata hakuugusa.

Jaji: Kapata! Kamtazama na kapata! Arobaini kwa arobaini!

Dokta Waya: Kamishna, hiyo unaielezaje?

Kamishna: Hiyo... hiyo ilikuwa imeshaanza safari kabla hajageuka.

Ningependa kuwaambia kwamba kuanzia hapo mambo yalikwenda vizuri. Hayakwenda. Pointi iliyofuata Mashoto alimvuta mbele, goti likakataa. Mashoto akatangulia, ikabaki moja tu tena. Shangazi alikuwa ameshahamishia kikombe mkono wa kulia na hakuna aliyemgombeza. Nesi alikuwa amenishika bega bila kujua. Msumari akainua mguu, ko, ko, neno lao wawili, akapiga. Wakarudishiana mpira mpaka nikapoteza hesabu. Halafu akapiga mmoja wa nguvu zake zote, ukatoka nje kidogo tu, upana wa kidole.

Mashoto akajilaza chini kwa furaha. Msumari akasimama na raketi mkononi.

Kamishna alimtazama Baba Soli, nami nilijua nini kinamjia mdomoni.

Kamishna: Si nili...

Shangazi: Kunywa kahawa yako.

Kamishna: Hakuna kahawa.

Shangazi: Basi kunywa kikombe.

Ni kweli, birika lilikuwa tupu. Baba Soli hakutusikia. Alikuwa anamtazama binti yake akimkumbatia Mashoto, akienda kukaa kwenye kiti chake, akijifunika uso kwa taulo, mabega yakitikisika. Machozi yalimtiririka na yeye hakuyafuta. Alikuwa na haraka ya kuona, kama mtu anayelipwa yote aliyokosa kwa siku moja. Msumari alipopewa kikombe kidogo cha mshindi wa pili alitabasamu kwa upande, na Baba Soli akacheka kwa sauti.

Baba Soli: Pengo lile! Bado analo!

Jaji hakuizima televisheni, ingawa wateja wawili walikuwa wanamngoja ndani. Nesi alipewa kiatu chake akakivaa, lakini hakuondoka. Kamishna aliinuka, akakizungusha kigoda cha Baba Soli mwenyewe kwa mikono yake, kikaelekea dirishani sawasawa, akarudi kukaa bila kutoa amri yoyote. Tukangoja na vikombe vikavu.

Simu ikalia. Baba Soli aliifuta kwenye aproni, akaishika kwa mikono miwili. Sauti ya binti ilikuwa ndogo, lakini sote tulikuwa tumeinama, hivyo tuliisikia.

"Baba, umeona?"

"Nimeona, mwanangu."

Upande wa pili tukasikia kilio, kile alichokuwa akilia tangu udogo wake akijigonga nyundo kidoleni. Baba Soli alingoja mpaka kilipopungua.

"Lete hicho kiatu nyumbani," alisema. "Nataka kukisikiliza mwenyewe."