Bwana Alinitoa Kwenye Orodha ya Benki Kuu

Wapendwa, Bwana asifiwe. Mimi ni Raheli, mwenye ghala la mpunga pale Kambarage. Nimekuja kumshukuru Mungu nikiwa bado na hasira kidogo, mnivumilie.

Ndugu zangu, wakulima walikuwa wakileta magunia yao baada ya mavuno, nawatunzia. Bei ikipanda wanakuja kuyachukua, au nawauzia kwa akina mama ntilie wa machimboni Geita. Kazi halali kabisa. Kosa langu lilikuwa kibao. Nilimwambia fundi rangi aandike jina langu na chini yake "Benki ya Mpunga", kwa sababu wateja wenyewe ndivyo walivyopaita. Nani angejua kuwa neno benki lina wenyewe?

Asubuhi moja simu za mji mzima zikajaa orodha ya Benki Kuu: watu na biashara za kujihadhari nazo kwa kuendesha benki bila leseni. Na mimi nimo, nimebanwa katikati ya wakopeshaji wa mitandaoni. Mimi, ambaye riba pekee niliyowahi kuiona ghalani ni ile wanayokula panya!

Watu walikimbia. Mikokoteni ikapanga foleni mlangoni, kila mtu anataka mpunga wake. Wa Geita wakaacha kupokea simu zangu. Ndani ya wiki mbili ghala ninalosomeshea watoto watatu likabaki na fukusi tu.

Neno benki nililifuta siku ileile. Nikaandika barua kuomba niondolewe. Jibu likaja: hakuna Raheli kwenye orodha yetu, kwa hiyo hatuna wa kumwondoa. Nikaandika ya pili, jibu lilelile. Nikasafiri mwenyewe mpaka ofisini. Dada wa mapokezi akatazama kitambulisho changu, akaniambia kwa upole, "Mama, wewe mbona huna tatizo lolote. Nenda tu nyumbani." Nyumbani wapi, wakati mji mzima unaniita tapeli? Kuingia sikuombwa hata sahihi. Kutoka naambiwa sijaingia. Ndugu zangu, nilimwambia Mungu wazi kwamba nimechoka, na kama ni kunijaribu, sasa amezidisha.

Jumamosi mama mkwe wangu akaja kutoka Songwa kuniombea. Ni mama wa Kisukuma hasa, herufi r haijui. Akaniwekea mkono kichwani, akaanza, "Mungu, mwangalie Laheli. Mtoe Laheli kwenye aibu hii." Nilifumbua macho kabla ya amina. Nikachukua simu, nikaifungua ile orodha. Laheli! Fundi rangi naye ni wa kwetu, aliandika anavyotamka, na walionakili wakanakili kibao kilivyo. Miaka miwili nimepita chini ya jina hilo bila kuliona, maana ndivyo kila mtu anavyoniita.

Jumatatu nikaenda kwa wakili, nikaapa kwa maandishi kwamba Raheli na Laheli ni mtu mmoja. Baada ya miezi miwili, miwili mizima, ikaja barua: nimeondolewa. Nililia hapohapo barabarani. Ofisi ilitaka kiapo na mhuri. Mungu aliitwa kwa jina lililokosewa, akajua ni mimi, na hakuniomba kitambulisho.

Basi aliyekwama amwite Bwana kwa ulimi alionao, atasikia. Lakini nina neno moja zaidi, na nitalisema nikiwa nimesimama hapahapa mbele ya madhabahu. Magunia ya kwanza kutoka ghalani kwangu yalikuwa ya washirika wa kanisa hili. Jumapili mliniombea, Jumatatu mkaja na mikokoteni, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Nimewasamehe. Mavuno yanakaribia, na kesho nafungua ghala saa moja asubuhi. Mungu mmesema mnamwamini. Njooni mniamini na mimi.